Siku 30 za Kufuatilia Jua, Mwezi na Bahari Ukiwa Tanga

Maswali ni yale yale kila nikikaa na wanaoanza. Mbona mwezi uko angani saa nne asubuhi na jua nalo linawaka? Mbona juzi maji yalikupwa mpaka watu wakatembea kwenye matumbawe, na wiki hii bahari imelala pale pale? Mwezi ukimegeka, ni kivuli cha dunia kinachoula? Nimeyajibu barazani, nimechora mchangani kwa kijiti, na nimeona kwamba jibu la mdomo halikai. Linakaa kwa yule aliyepima mwenyewe, jioni baada ya jioni kwa siku thelathini, akaona jua, mwezi na bahari vinavyofuatana.

Vipimo nilivyoweka humu ni vya Tanga mjini. Ukiwa Pangani au Bagamoyo utaona tofauti ndogo ya dakika na sentimita, basi.

Neno moja kabla hatujaanza. Michoro mingi ya vitabuni imechorwa na watu wanaoishi mbali kaskazini mwa dunia. Kwao hilali husimama wima kama upinde. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na hilali yetu hulala chali kama dau. Kitabu hakijakosea, na macho yako hayajakosea; mmesimama mahali tofauti kwenye mpira ule ule. Kwa hiyo ukiona anga lako linapingana na mchoro, andika ulichokiona.

Vya kuandaa

- Ufito mnyoofu wa mita 1 na nusu hivi. Juu ya ardhi ubaki mita 1 kamili.
- Timazi. Kama huna ya fundi, funga jiwe dogo kwenye uzi.
- Futi ya kupimia, kamba nyembamba ya mita 5, na chokaa au misumari ya kuwekea alama.
- Daftari na kalamu. Usiandike kwenye simu peke yake. Simu ikipotea, mwezi mzima wa kazi umepotea nayo.
- Chungwa moja. Machungwa ya Muheza yanatosha sana, mradi liwe la mviringo mzuri.
- Mpira wa miguu na limau moja.
- Kadibodi na pini.
- Saa ya simu iliyowekwa sawa na mtandao.

Anza siku yoyote kwa kazi ya ufito. Kwa kazi ya mwezi, subiri mwezi uandame.

Hatua ya 1: Simika ufito

Tafuta mahali tambarare panapopata jua kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri. Sakafu ya saruji ya uani inafaa kuliko mchanga, kwa sababu alama hazifutiki. Kama ni ardhi, isawazishe na uishindilie. Simika ufito, kisha ushike timazi kando yake kwa pande mbili: simama kusini uangalie, halafu simama magharibi uangalie. Ukiangalia upande mmoja tu, ufito unaweza kuwa umelalia upande mwingine usijue.

Hili ndilo kosa la kwanza la wengi. Ufito ukiinama kidogo tu, kivuli cha mchana kitakudanganya kwa sentimita kadhaa, na vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa na kasoro hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Tafuta kaskazini ya kweli

Saa 3:30 asubuhi weka alama mahali ncha ya kivuli ilipofika. Funga kamba kwenye shina la ufito, ivute hadi kwenye alama hiyo, kisha izungushe uchore duara. Nenda kafanye shughuli zako. Kivuli kitafupika, halafu baada ya mchana kitarefuka tena. Kuanzia saa 8:40 rudi ukae hapo. Ncha ya kivuli itakapogusa duara kwa mara ya pili, weka alama.

Unganisha alama mbili kwa mstari ulionyooka. Alama ya asubuhi iko magharibi, ya alasiri iko mashariki. Sasa chora mstari mwingine unaopita shina la ufito na kuukata ule wa kwanza kwa pembe mraba. Huo ndio mstari wa kaskazini na kusini, nao utautumia mwezi mzima.

Usitumie dira ya simu badala ya kazi hii. Nondo za sakafu, mabati, hata spika ya redio iliyo karibu huivuta dira ya simu, nayo haikuambii kwamba imevutwa.

Hatua ya 3: Kamata mchana wa kweli

Kesho yake, kuanzia saa 6:00 mchana hadi saa 6:50, weka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Dakika ambayo kivuli kinalala juu ya mstari wako wa kaskazini na kusini ndiyo katikati ya mchana kwa Tanga.

Wengi hushtuka hapa, kwa sababu haitakuwa saa sita kamili. Saa tunayotumia Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Tanga iko kwenye nyuzi 39 hivi. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka uzi mmoja, kwa hiyo jua linatufikia dakika 24 hivi baada ya saa sita. Na kwa sababu mwendo wa dunia kulizunguka jua hauna kasi moja mwaka mzima, na mhimili wake umeinama, kuna wiki jua linawahi na wiki linachelewa. Mwanzoni mwa Novemba utalikamata karibu saa 6:07, katikati ya Februari karibu saa 6:38. Andika ulichokipata kwa tarehe yako.

Hatua ya 4: Rudia mara moja kwa wiki, usiache

Kila wiki, siku ile ile, pima urefu wa kivuli cha mchana na uandike kimeangukia upande gani. Hapa Tanga utaona jambo ambalo mtu wa Ulaya haoni maisha yake yote akiwa kwao: kivuli cha mchana kinahama upande.

Kwa ufito wa mita 1, tarehe 21 Juni kivuli kitakuwa sentimita 54 hivi, kimelala kusini, kwa sababu jua liko kaskazini yetu. Tarehe 21 Desemba kitakuwa sentimita 33 hivi, kimelala kaskazini. Katikati ya hapo kuna siku mbili ambazo jua linapita utosini kabisa na ufito hauna kivuli: karibu na tarehe 7 au 8 Machi, na karibu na tarehe 6 Oktoba. Bagamoyo, iliyo kusini zaidi, huzipata karibu na tarehe 4 Machi na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo simamisha chupa uani uwaite watoto waje kuona. Wataikumbuka kuliko darasa lolote.

Kasi ya kuhama nayo haifanani. Mwezi Machi kivuli kinasogea karibu sentimita 5 kwa wiki. Karibu na tarehe 21 Juni wiki nzima hakimalizi hata sentimita 1, na anayeanza hudhani amekosea kupima. Hajakosea. Jua limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini na linageuka.

Nadharia unayohitaji ni hii tu: mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na unabaki umeelekea upande ule ule wakati dunia inalizunguka jua kwa siku 365 na robo. Miezi sita nusu ya kaskazini inaliinamia jua, miezi sita nusu ya kusini. Ndiyo maana kusi huvuma miezi ambayo kivuli chako cha mchana kinalala kusini, na kaskazi huingia jua likisharudi kusini yetu. Pepo hizo, zilizopeleka na kurudisha majahazi karne na karne, zinafuata nchi kavu na bahari zinavyopashwa joto na jua hilo linalohama.

Tahadhari: usiseme kwamba joto la Januari linatokana na dunia kulikaribia jua. Ni kweli mwanzoni mwa Januari tuko karibu zaidi, kilomita milioni 147 hivi, na mwanzoni mwa Julai tuko milioni 152. Lakini Januari hiyo hiyo watu wa Ulaya wanatembea kwenye theluji. Kinachoamua ni mwinamo.

Hatua ya 5: Daftari la mwezi

Jioni mwezi unapoandama, toka nje ukaangalie magharibi, upande wa Muheza na milima ya Usambara, mara jua likishatua. Hiyo ndiyo siku yako ya kwanza. Chagua mahali pa kusimama na usipabadilishe. Chagua pia alama tatu au nne zisizohama: mnazi, mnara wa simu, ukingo wa paa la jirani.

Kila siku saa 1:00 usiku simama pale pale. Nyosha mkono, kunja ngumi. Ngumi moja kwenye mkono ulionyooka ni nyuzi 10 hivi za anga. Hesabu ngumi kutoka pale jua lilipotua hadi mwezi ulipo, kisha chora umbo la mwezi kama unavyoliona, ukionyesha upande unaong'aa umeelekea wapi.

Yatakayotokea ni haya. Kila jioni mwezi utakuwa umesogea mashariki kwa ngumi moja na ziada kidogo, nyuzi 12 au 13. Karibu na siku ya 7 utakuwa nusu, na jua likitua uko juu ya kichwa. Karibu na siku ya 14 utakuwa mpevu, ukichomoza upande wa Pemba wakati jua linazama bara. Kwa anayesimama ufukweni Raskazone, hiyo ni jioni ya kutoikosa. Mwezi unaofananishwa na uso wa mrembo, wa siku kumi na nne, uko uso kwa uso na jua, sisi tukiwa katikati.

Baada ya hapo wengi huacha. Saa 1:00 usiku wanatoka, mwezi haupo, wanadhani kazi imekwisha. Kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo kuanzia siku ya 17 badilisha saa: toka saa 12:00 asubuhi uutafute magharibi. Karibu na siku ya 22 ni nusu tena, na jua likichomoza uko utosini. Siku ya 27 utaona hilali nyembamba mashariki kabla ya jua, halafu siku moja, mbili au tatu hutauona kabisa. Hizo ndizo siku za giza ambazo wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa huzipenda, kwa sababu hakuna mbalamwezi ya kushindana na taa zao.

Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi. Ndiyo maana mwezi wa kuandama una siku 29 au 30, haufiki 31.

Hatua ya 6: Chungwa juani

Kama una nafasi ya kufanya hatua moja tu katika mwongozo mzima, fanya hii.

Kati ya siku ya 20 na ya 25 ya mwezi, toka nje saa mbili au saa tatu asubuhi. Jua liko mashariki, mwezi uko magharibi au juu, umefifia kidogo lakini unaonekana. Shika chungwa kwenye mkono ulionyooka, liwe juani, ulielekeze pale pale ulipo mwezi kana kwamba unataka kuligusisha. Funga jicho moja. Tazama upande wa chungwa unaong'aa na upande wenye kivuli.

Chungwa lina umbo lile lile la mwezi! Mwezi ukiwa nusu, chungwa ni nusu. Mwezi ukiwa umebakia ukingo, chungwa limebakia ukingo, na umeinamia upande ule ule.

Sasa jiulize kivuli cha dunia kiko wapi asubuhi hiyo. Jua liko juu mashariki, kwa hiyo kivuli cha dunia kinaelekea magharibi chini ya upeo, kando kabisa na mwezi. Hakiugusi. Giza la chungwa ni mgongo wa chungwa wenyewe, sehemu ambayo jua haliioni. Giza la mwezi ni hivyo hivyo. Nusu ya mwezi inawaka siku zote. Kinachobadilika ni kiasi gani cha nusu hiyo kimetugeukia sisi.

Na hapo swali la mwezi kuonekana mchana nalo limejibika. Mwezi hauna shughuli maalumu na usiku. Kwa karibu nusu ya muda wake wa kuwa juu ya upeo, jua nalo lipo.

Kanuni ya kubaki nayo ni moja: upande unaong'aa unalitazama jua. Tupa zile kanuni za herufi za kutambua mwezi unaokua na unaopungua. Hazikutungwa kwa ajili ya pwani hii. Jioni, jua likiwa limezama chini ya upeo, hilali inang'aa kwa chini kwa sababu jua liko chini yake. Ndiyo sababu ya dau letu.

Hatua ya 7: Pima bahari

Tafuta ukuta, ngazi au nguzo inayofikiwa na maji yakijaa na ambayo chini yake hubaki na maji hata yakikupwa. Omba ruhusa kama ni ya mtu. Teremsha kamba yenye mafundo kila sentimita 20 na jiwe mwishoni, upime kutoka juu hadi usoni mwa maji. Andika saa na kipimo, maji yakijaa na yakikupwa, kwa siku 15 mfululizo. Kwa kawaida yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili, na kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Zikiwa mbili, unapata zile dakika 50 za kuchelewa ulizoziona kwenye mwezi. Ziweke kwenye daftari safu mbili kando kwa kando, utaziona zinaandamana.

Kisha angalia urefu. Siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka, na baada ya siku za giza, tofauti ya kujaa na kukupwa itakuwa kubwa, mita 3 na zaidi kwenye pwani yetu. Hiyo ndiyo bamvua. Karibu na siku ambazo mwezi ni nusu, tofauti inashuka sana, na hayo ndiyo maji mafu. Bamvua ni mbili kila mwezi, maji mafu nayo mawili.

Sababu yake: mwezi unaivuta bahari, na jua nalo linaivuta, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa mpya au mpevu, jua, dunia na mwezi viko karibu kwenye mstari mmoja na mvuto unajumlishana. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande wa pembe mraba na linapunguza kazi ya mwezi.

Jambo ambalo watu wa pwani hulijua bila jedwali: wakati wa bamvua hapa kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo anayefuata pweza mwambani anajua siku za bamvua atoke asubuhi. Wakati wa maji mafu saa hizo hugeuka.

Usisubiri maji yajae wakati mwezi uko utosini. Bahari si maji ya beseni. Inazuiwa na nchi kavu na kina chake hakilingani, kwa hiyo hapa maji hujaa muda wa kama saa nne baada ya mwezi kupita juu. Pima mwenyewe uone ucheleweshaji wa ufukwe wako.

Tahadhari, na hii naomba uishike: maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kipimo chao cha kukisia. Ikiwa tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Uliye mbali mwambani unaona saa ya kwanza ni ya utulivu, unaendelea kuinama, kumbe maji yanaanza kujaza mikondo iliyo nyuma yako kabla hayajafika miguuni. Ukijua saa ya kukupwa kabisa, geuza uso kuelekea nchi kavu ndani ya nusu saa. Watoto wasiende peke yao. Vaa viatu.

Hatua ya 8: Mpira na limau

Weka mpira wa miguu chini. Upana wake ni sentimita 22, nao ndio dunia. Limau la sentimita 6 ndilo mwezi. Mwambie mwenzako aweke limau anapodhani ndipo mwezi ulipo. Karibu kila mtu huliweka hatua moja tu kutoka kwenye mpira. Sasa pima mita 6 na sentimita 60, uliweke huko. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,400 kwa wastani, yaani dunia 30 zikipangwa mstari.

Jua kwa kipimo hicho lina upana wa mita 24, kama jengo la ghorofa nane, na liko kilomita 2.6 kutoka kwenye mpira wako. Tembea nusu saa hivi, geuka nyuma, uuwaze mpira ulipo. Jua ni pana mara 400 kuliko mwezi, na liko mbali mara 400 hivi, ndiyo maana machoni petu vinaonekana upana mmoja.

Hatua ya 9: Kupatwa, na kwa nini si kila mwezi

Ukiwa bado na mpira na limau chini, tumalize na hili. Njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 kulinganisha na njia ya dunia. Kwa kipimo chetu, limau linaweza kupita hadi sentimita 59 juu au chini ya mstari wa jua. Kivuli cheusi cha mpira huko limau lilipo kina upana wa sentimita 16 tu. Kwa hiyo miezi mingi limau linapita juu au chini ya kivuli, salama. Likipita ndani, mwezi umepatwa, na hilo hutokea mwezi ukiwa mpevu tu. Jua nalo hupatwa siku za giza la mwezi tu, limau likikatiza kati ya jua na mpira.

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulizama wote kivulini kuanzia saa 2:30 usiku hadi karibu saa 3:52, ukawa mwekundu, kwa sababu mwanga uliopinda ndani ya hewa ya dunia ndio pekee uliokuwa unaufikia. Kupatwa kwa mwezi kunatazamwa kwa macho matupu bila madhara. Kama huo ulikupita, jioni ya tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utapatwa wote tena na pwani yetu itauona.

Jua ni habari nyingine. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, Mbeya, kuona jua likibaki pete, kwani siku hiyo mwezi ulikuwa mbali kidogo na haukutosha kulifunika lote. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote huko Misri na Uarabuni, na hapa Tanga litamegeka sehemu. Usilitazame kwa kioo cha moshi, wala filamu ya eksirei, wala miwani ya jua, wala ndani ya beseni la maji. Vyote hivyo havizuii mionzi inayounguza jicho, na jicho halitakuuma wakati linaungua.

Toboa kadibodi kwa pini, lipe jua mgongo, acha mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Au ingia banda la makuti. Vile viduara vya mwanga unavyoviona sakafuni kila siku ni picha za jua, kila tundu la makuti likichora yake. Jua likimegeka, sakafu nzima itajaa hilali.

Ukikwama

*Mwezi haukuonekana jioni niliyoitarajia.* Hilali ya kwanza ni nyembamba na hutua mapema baada ya jua. Tafuta mahali ambapo magharibi hapana miti wala nyumba, na uanze kuangalia dakika 15 baada ya jua kutua. Usipouona, jaribu kesho yake, kisha hesabu siku zako kutoka hapo.

*Kivuli changu cha mchana kimetofautiana na chako kwa sentimita 3.* Angalia timazi kwanza. Pili, pima urefu wa ufito juu ya ardhi upya. Mvua huosha udongo na ufito wa mita 1 ukawa wa mita 1.04. Tatu, ncha ya kivuli ina ukungu, kwa hiyo pima daima katikati ya ukungu huo.

*Mwezi ulipochomoza baharini ulikuwa mkubwa sana, baadaye ukapungua.* Nyosha mkono uufunike kwa ukucha wa kidole kidogo unapochomoza. Rudia saa tatu baadaye. Ukucha ule ule utaufunika vile vile. Umbali wa mwezi hubadilika kati ya kilomita 356,000 na 407,000 hivi, lakini hubadilika kwa siku nyingi, si kwa saa tatu.

*Bamvua imekuja siku mbili baada ya mwezi kupevuka.* Ndivyo ilivyo. Bahari ina uzito na inachelewa kuitikia.

*Maji yamejaa kuliko nilivyotarajia.* Upepo mkali wa kusukumia ufukweni huongeza maji. Andika upepo kwenye daftari kila siku, utayatenga hayo mawili baada ya wiki kadhaa.

*Urefu wa mchana haubadiliki, nimepima bure.* Unabadilika, kidogo. Tanga, tofauti ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni ni dakika 35 tu. Ndiyo maana hesabu yetu ya saa, inayoanza na mapambazuko, inakaa vizuri hapa mwaka mzima. Pima mawio na machweo mara moja kwa mwezi, si kila siku.

*Mawingu ya masika yamenifungia mwezi mzima.* Endelea na bahari, maana kamba haihitaji anga jeupe. Kwenye safu ya mwezi andika "mawingu", usikisie umbo ambalo hukuliona. Kusi ikikaa na anga likafunguka, anza upya na mwandamo utakaofuata, ufito ukiwa pale pale ulipousimika.